Wasomaji Wanauliza: Misitu ya Kwenye Theluji na Miti ya Majani ya Sindano

Toleo lililopita tuliweka ile picha kubwa ya msitu wa kaskazini mwa Ufini, theluji imejaa mpaka matawi yameinama, na mimi nilijua watu wataipita waende kurasa za mpira kama kawaida, kumbe wapi. Meseji zimeingia, za sauti zimeingia, kuna mtu kaniletea swali kwenye karatasi ya bahasha pale kivuko cha Kamanga nikiwa nasubiri kuvuka. Nimechagua chache, salamu nimezikatakata mtanisamehe, na yule aliyeuliza kama theluji inaliwa, ndiyo inaliwa, ila haishibishi. Twende.

Dada mhariri shikamoo. Mimi nasoma kidato cha tatu hapa Nyegezi. Nyumbani nikisahau chupa ya maji kwenye friza inapasuka. Sasa hiyo miti ya kwenye picha nayo ina maji ndani na kule baridi inafika hasi hamsini, mbona haipasuki?

Marahaba mwanangu, na hili swali ni zuri kuliko la watu wazima wengi walioniandikia. Umepatia kabisa, maji yakiganda yanavimba, na yakigandia ndani ya seli hai ile seli imekwisha, hakuna namna. Kwahiyo mti unachofanya ni kuhakikisha barafu haitokei ndani ya seli. Na hauanzi siku baridi imeshafika, unaanza mapema sana, mwishoni mwa kiangazi cha kule, yani majira yao ya joto, jua likianza kuzama mapema kidogo. Mti unasoma urefu wa mchana. Siku zikifupika unaacha kurefuka, unafunga machipukizi, unaanza kujaza sukari kwenye seli, na utando wa seli unabadilika mafuta yake ili usikakamae. Alafu baridi ikija kweli, barafu inaanza kutengenezeka nje, kwenye nafasi kati ya seli na seli, na ile barafu inavuta maji kutoka ndani, seli inabaki imesinyaa, ina utomvu mzito wenye sukari ambao hata ukipoa vipi haugeuki barafu.

Watafiti wamejaribu mpaka wapi hii kitu inafika. Wamechukua matawi ya miti ya namna hii katikati ya majira ya baridi, wakayapoza taratibu, mwisho wakayazamisha kwenye nitrojeni ya maji, hiyo ni nyuzi hasi 196, na mengine yametoka humo yakiwa hai. Ila sasa sikiliza hapa maana ndio penyewe. Lile tawi lililovumilia mambo hayo mwezi wa kwanza, ukilichukua mwezi wa saba linaweza kufa kwa nyuzi chache tu chini ya sifuri. Uvumilivu unajengwa kila mwaka na kuvunjwa kila mwaka. Ndio maana hao watafiti hawaogopi sana baridi kali, wanaogopa joto la ghafla katikati ya majira ya baridi, mti unadanganyika, unaanza kujilegeza, alafu baridi inarudi unakutwa umeshavua silaha.

Kwa kukupa picha ya ukali wenyewe, kuna mji Siberia, Urusi, unaitwa Verkhoyansk, mwaka 1892 walipima hasi 67.8. Mji huohuo tarehe 20 Juni 2020 walipima joto la nyuzi 38, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaja kulithibitisha. Tofauti ya nyuzi zaidi ya 105 sehemu moja! Sisi Mwanza ikishuka 17 asubuhi watu wanatoa makoti ya jeshi. Na eneo hilo la Siberia lina msitu, mti mkuu wa huko unaitwa lachi, ni ndugu wa paini lakini wenyewe unapukutisha majani yake yote ya sindano kabla ya baridi, yani umeona bora usibaki na chochote cha kulinda juu. Chini yake ardhi imeganda mwaka mzima, mizizi inaishi kwenye ile tabaka nyembamba ya juu inayoyeyuka kiangazi.

Mimi ni fundi wa kupaua, Igoma. Kuna mteja aliniletea mbao kutoka kwenye makreti ya mashine za Ulaya, nyepesi ila ngumu kinoma, msumari unapinda. Mbao zetu za paini msumari unaingia kama unatoboa sabuni. Ni miti tofauti au wao wana dawa?

Inawezekana mti ni tofauti kidogo, lakini kikubwa ni mda fundi. Angalia kichwa cha hiyo mbao yako ya kreti, ile sehemu iliyokatwa, utaona mistari imebanana sana, mweupe mweusi mweupe mweusi. Kule mti unakua miezi michache tu, mwanzo wa kiangazi unatengeneza mbao nyepesi rangi ya mwanga, mwisho wa kiangazi unatengeneza mbao nzito ya giza, alafu unalala. Mstari mmoja mweupe na mmoja mweusi ni mwaka mmoja. Kaskazini kabisa mwa Ufini na Uswidi paini inaweza kuchukua miaka zaidi ya 100 kufika unene wa kupasua mbao. Paini ya Sao Hill kule Mufindi inavunwa ikiwa na miaka kama 18 mpaka 25. Hiyo yetu asili yake ni Meksiko na kwa hali ya hewa yetu inakimbia, kwahiyo mistari ni mipana, mbao nyingi ni ile nyepesi, na katikati ya gogo kuna ile mbao ya utotoni ambayo ni laini na inapenda kujipinda. Sio mbao mbaya kwa kupaulia, ila iwe imekauka na iwe ya dawa kweli, maana sokoni kuna zilizopakwa rangi ya kijani tu na wewe unajua zaidi yangu.

Nikae kidogo kwenye hiyo mistari kwasababu kuna watu wameijengea maisha yao yote ya kazi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kule Arizona, Marekani, kulikuwa na mtaalamu wa nyota anaitwa A. E. Douglass. Alikuwa anatafuta kumbukumbu za jua, kama jua lina vipindi vya kupanda na kushuka nguvu, akafikiria mbona mipaini inarekodi mvua za kila mwaka kwenye pete zake. Mwaka wa ukame pete inakuwa nyembamba, mwaka wa neema inakuwa pana, na huo mpangilio unafanana mti hadi mti kwenye eneo moja. Kwahiyo ukichukua mti ulio hai, ukalinganisha pete zake za zamani na boriti la nyumba ya kale, ukalinganisha hilo boriti na gogo la zamani zaidi, unarudi nyuma mwaka kwa mwaka bila kuruka. Mwaka 1937 pale Arizona ikaanzishwa maabara ya kazi hiyo tu, pete za miti.

Kaskazini mwa Ufini wamefanya hivyohivyo kwa magogo ya paini yaliyozama kwenye maziwa madogo ya kule, maji baridi yasiyo na hewa yameyatunza, na wamepata mfululizo wa zaidi ya miaka 7,000. Miaka elfu saba ya kiangazi kimoja kimoja! Na hawakati mti hai kwa ajili ya hiyo kazi, wana kekee fulani ndefu yenye tundu ndani, wanazungusha mpaka moyo wa mti, wanachomoa kijiti chembamba kama mrija wa soda, mti unaziba kidonda na utomvu wake unaendelea na maisha. Ingawa sio siku zote wamekuwa wapole. Mwaka 1964 huko Nevada mwanafunzi mmoja wa utafiti alikata paini ya mlimani, kwa ruhusa ya ofisi ya misitu kabisa, walipohesabu pete wakakuta karibu 4,900, yani walikuwa wameangusha moja ya miti mizee kuliko yote waliyowahi kuhesabu.

Ukitaka kujaribu kuhesabu kwenye magogo yetu, hesabu kwa kujifurahisha tu. Huku hatuna baridi ya kusimamisha mti, kuna masika na kiangazi, mvua ikikatika katikati alafu ikarudi mti unaweza kuchora pete mbili mwaka mmoja, na mwaka wenye mvua mfululizo unaweza usichore ya kueleweka.

Hivi ile mivinje ya ufukweni nayo ni jamii ya paini? Tumebishana hapa Capri Point mpaka mtu kanunuliwa soda.

Sio, aliyesema sio apewe soda yake. Paini mbegu zake zinakaa kwenye koni, yale mafumba magumu yenye magamba, lakini mvinje unatoa maua na matunda, na vile vinavyofanana na koni ni matunda. Na zile "sindano" sio majani, ni vijitawi vya kijani. Shika kimoja uvute polepole, kitaachia kwenye vifundo, na kwenye kifundo utaona vimeno vidogo vidogo, hivyo ndio majani yenyewe. Miti ya koni ya asili hapa Tanzania ipo, mtarakwa wa Kilimanjaro na Meru, na podo ya milimani. Msaiprasi pia ni wa jamii hiyo lakini ni mgeni.

(Meseji ya sauti, mama wa Kirumba, nimeiandika kwa kifupi) Mwangaluka. Mwanangu ananionyesha video kila siku, miti inaongea chini ya ardhi, mama mti anawalisha watoto wake. Nimemwambia huo ni uongo wa mitandao. Nani mkweli?

Mwangaluka mayu. Wote wawili mna kipande cha ukweli, ila leo nitakuegemea wewe kidogo.

Kilichopo cha uhakika ni hiki. Mizizi ya paini na ndugu zake imevikwa kuvu, hizi kuvu ndizo zinazotoa uyoga juu, na nyuzi zake zinasambaa kwenye udongo kufika mahali mzizi hauwezi. Kuvu inaleta maji, naitrojeni, fosforasi, mti unalipa kwa sukari. Hilo halina ubishi na sisi Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu wenyewe. Wakati wanaanza kuleta mbegu za paini huku, miche ilikuwa inaota vizuri alafu inageuka njano na kudumaa, mwaka mzima haiendi popote, mpaka walipoanza kuweka udongo uliotoka chini ya paini nyingine. Kuvu zake hazikuwepo kwenye ardhi yetu, walileta mgeni wakasahau mpishi wake. Wafanyakazi wa vitalu vya shamba la miti la Buhindi kule Buchosa au Rubya Ukerewe hawatashangaa ukiwaambia udongo wa paini ya zamani una kazi.

Sasa ile ya kuongea na kulishana. Mwaka 1997 mtafiti wa Kanada, Suzanne Simard, na wenzake walitoa utafiti kwenye jarida la Nature, walifunika miche ya duglasi, mti wa koni wa kule, na ya miti ya majani mapana msituni, wakaipa hewa ya kaboni yenye alama, wakaona ile kaboni yenye alama imetokea kwenye mti wa jirani. Habari ikaenda dunia nzima. Ila kuona kaboni imehama sio sawa na kuona imepita kwenye nyuzi za kuvu, inaweza kupita kwenye udongo wenyewe, na kiasi chake kikiwa kidogo haina maana kwamba mti wa jirani umefaidika. Mwaka 2023 watafiti watatu, Justine Karst, Melanie Jones na Jason Hoeksema, walipitia tafiti zote za msituni wakasema ushahidi ni mdogo sana kuliko hadithi, na kwamba hata wanasayansi wenyewe wamekuwa wakinukuu tafiti za zamani kwa kuongeza chumvi. Na huyo Melanie Jones alikuwa mmoja wa walioandika ule utafiti wa 1997, yani anajikosoa mwenyewe hadharani, mimi hapo nilivua kofia. Mti mkubwa kumtambua mtoto wake na kumpelekea chakula kwa makusudi, hilo halijathibitishwa msituni. Mwambie mwanao video ni nzuri lakini asubiri.

Shikamoo. Mimi natokea Nansio. Nikipita kwenye mipaini ya Rubya jua likiwa kali kuna harufu nzuri sana, nikipita jioni haipo. Hiyo harufu ina kazi au ni basi tu?

Ina kazi, na pua yako imefanya kipimo sahihi, joto likipanda mti unatoa zaidi. Ni kemikali zinazoitwa tapini, ndizo zilizopo kwenye utomvu, ndizo zinazotengenezwa tapentaini ya mafundi rangi. Kwa mti ni ulinzi dhidi ya wadudu na kuvu.

Lakini kuna jingine zaidi. Ufini wana kituo cha utafiti kinaitwa Hyytiälä, katikati ya msitu wa paini uliopandwa 1962, na tangu 1995 wanapima kila kitu kinachoingia na kutoka humo, hewa, maji, mwanga, vumbi, usiku na mchana mwaka mzima. Kiongozi wao anajulikana sana kwenye fani, Markku Kulmala. Waligundua kwamba ile harufu ikifika hewani inaungana na oksijeni na ozoni inakuwa nzito, inajikusanya kuwa vipunje vidogo sana visivyoonekana, vinakua mpaka mvuke wa maji unapata pa kushika. Matone ya wingu yanahitaji kipunje cha kuanzia, hayajishiki hewani hivihivi. Kwahiyo msitu ule unachangia kutengeneza mawingu yanayoufunika, na siku za joto unachangia zaidi. Ni kwa kiasi gani hii inapunguza joto la dunia bado wanabishana, namba zao zinatofautiana. Kwa Ukerewe usiende kuwaambia watu mvua inaletwa na Rubya, huku ziwa lenyewe ndio mwenye mvua.

Mimi nauza dagaa Mwaloni, nina ndugu yangu yuko Kanada. Anasema kuna mdudu mdogo amemaliza misitu, na kuna mwaka moto ulikuwa unawaka mpaka mji una giza. Nchi tajiri kama ile inashindwa kupiga dawa?

Ndugu yako hajaongeza chumvi. Mdudu ni mbawakawa, urefu wake kama punje ya mchele. Jike linatoboa gome la paini, likifanikiwa linatoa harufu ya kuwaita wenzake, wanakuja kwa maelfu. Mti unajitetea kwa kumwaga utomvu kwenye tundu ili umzamishe, na mti wenye nguvu unashinda wadudu wachache, ila wakija wengi kwa mpigo au mti ukiwa na kiu ya ukame utomvu unaisha. Na huyu mdudu anakuja na kuvu yake mdomoni, inaziba mirija ya maji, inaacha mbao na rangi ya bluu. Mwaka unaofuata majani yote mekundu.

Mdudu huyu sio mgeni, ni wa kulekule, miaka yote alikuwepo. Kilichokuwa kinamzuia ni baridi. Kiluwiluwi chake kinalala chini ya gome na kinatengeneza dawa yake ya kuzuia kuganda, lakini ikifika karibu hasi 40 kinakufa, na mwanzoni mwa msimu kabla hakijajiandaa hata baridi ndogo zaidi ya hapo inakimaliza. Kuanzia miaka ya 1990 zile baridi za kuua zikawa adimu. Jumlisha na kwamba kwa miongo mingi walikuwa wanazima kila moto, kwahiyo kulikuwa na mapaini mazee ya umri mmoja yamejipanga, chakula kimewekwa mezani. Jimbo la British Columbia peke yake liliguswa hekta kama milioni 18. Ziwa letu lote, Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu na upande wa Uganda, ni hekta milioni 6.9 hivi. Piga hesabu mwenyewe.

Dawa ipo, ya kupulizia shina la mti mmoja mmoja kabla mdudu hajaingia, watu wanafanya kwenye bustani zao. Akishaingia yuko chini ya gome, dawa ya kumwaga na ndege haimfikii. Kinachobaki ni kutafuta miti iliyoshambuliwa mapema, kukata na kuchoma, na hiyo inasaidia ukiwahi kwenye ukingo, mlipuko ukishakuwa mkubwa ni kama hakuna. Miaka ya 2000 akavuka milima ya Rocky akaingia Alberta, na huko kuna aina nyingine ya paini ambayo haijawahi kuishi naye.

Moto ndio huo mwaka 2023, ziliungua zaidi ya hekta milioni 15, moshi ukafika New York mwezi wa sita anga likawa la rangi ya chungwa. Na hapa kuna kitu ambacho watu wengi hawakielewi, moto wenyewe sio adui wa misitu hiyo. Kuna paini za kule koni zake zimegundishwa na utomvu, zinakaa mtini miaka na miaka zimefungwa, moto ukipita utomvu unayeyuka, koni inafunguka, mbegu zinaanguka kwenye majivu safi yasiyo na mshindani. Shida ni moto kurudi haraka. Miche ikiungua kabla haijafika umri wa kubeba koni za kutosha hakuna mbegu ya kuanza upya, na hapo msitu wa paini unageuka vichaka au miti ya majani mapana.

Nimesoma paini ina DNA nyingi kuliko binadamu, kweli? (Bugando, hakutaja jina)

Kweli. Mwaka 2013 timu iliyoongozwa na watafiti wa Umeå, Uswidi, ilisoma jenomu, yani DNA yote, ya sprusi, jamii ya mti wa krismasi wa Ulaya, wakapata herufi kama bilioni 20. Yetu ni kama bilioni 3. Ila jeni zenyewe ni kama 28,000 tu, haziko mbali na zetu. Kilichojaza ni vipande vinavyojinakili vyenyewe, na miti hii kwa mamilioni ya miaka haikuwa na fagio zuri la kuviondoa. Wingi wa DNA sio akili, vitunguu navyo vinatuzidi.

Kaka yangu ananiambia dawa ya joto la dunia ni kupanda miti kila mahali. Sasa kule kaskazini kuna ardhi tupu kubwa, si wajaze tu mipaini biashara iishe? Kijana, Buzuruga.

Ningependa iwe rahisi hivyo. Hapa kwetu ukipanda mti unapata faida mbili, mti unakula kaboni na unatoa mvuke unaopoza. Kule kaskazini ya juu hesabu inabadilika kwasababu ya theluji. Theluji mpya inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua angani. Funika hiyo theluji na miti ya kijani cheusi, ule mwanga unamezwa unakuwa joto. Kwahiyo kuna maeneo ukipanda msitu pasipokuwa na msitu unaweza kuongeza joto kuliko unavyopunguza, hili limehesabiwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 na bado linasimama. Haina maana wakate iliyopo, maana hazina kubwa iko chini. Udongo wa maeneo yaliyoganda ya kaskazini una kaboni kama tani bilioni 1,500, karibu mara mbili ya iliyopo kwenye hewa yote ya dunia. Imekaa salama kwasababu ya baridi, bakteria hawawezi kuila ikiwa imeganda au imelowa kwenye maji baridi yasiyo na hewa.

Itakuwaje ikipata joto? Wamarekani waliamua kutosubiri. Kule Minnesota, kwenye msitu wa sprusi weusi unaoota juu ya mboji yenye maji, wamejenga vyumba vikubwa vya kuta zinazopitisha mwanga, visivyo na paa, ndani yake kuna miti kabisa imesimama, alafu wakavuta hewa ya moto ndani na kupasha mpaka udongo kwa kina cha mita 2 na zaidi. Vyumba kumi, vingine havijaongezwa joto, vingine nyuzi 2.25, vinapanda hivyo hadi nyuzi 9, na nusu yake vimeongezewa hewa ya kaboni pia. Joto la hewa waliliwasha 2015. Miaka michache tu ya mwanzo ilitosha, ile mboji iliyokuwa inakusanya kaboni kwa maelfu ya miaka ikaanza kuitoa, na kadiri chumba kilivyokuwa na joto zaidi ndivyo ilivyotoka zaidi. Zile mosi, vimea vidogo vya kijani vinavyofunika ardhi na kutengeneza mboji yenyewe, zilianza kufa kwenye vyumba vya moto na vichaka vikachukua nafasi. Miti nayo ilidanganyika, iliamka mapema kabla ya msimu, na mwaka mmoja baridi ikarudi ghafla ikachoma machipukizi ya kwenye vyumba vya joto, vile vya kawaida vikabaki salama. Yule mwanafunzi wa Nyegezi akiisoma hii ataelewa mara moja kwanini.

Kwahiyo mwambie kaka yako apande, ila apande huku. Na asipande paini kwenye chanzo cha maji.

Mimi niko kidato cha sita, PCB. Haya mambo mtu anasoma wapi?

Anza na SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro, wana shahada ya misitu, na kwa stashahada kuna chuo cha misitu Olmotonyi, Arusha. Ukishapata shahada ya kwanza angalia Joensuu, Ufini, na chuo cha kilimo cha Uswidi chenye tawi Umeå, vyote vina masomo ya uzamili ya misitu kwa kiingereza. Baiolojia na kemia unazo tayari, takwimu usizikimbie maana hao watu wa pete na wa jenomu siku nzima wako kwenye kompyuta, msituni wanaenda wiki chache tu. Na ukienda usipeleke jaketi la Mwanza, nunua hukohuko.